Neno la Mlangoni

Jumatatu, 5 Mei

Bismillahi. Bwana Phineas, mkuu wa chuo chetu, ametaka kila mwanafunzi wa darasa langu awe na shajara, aandike kila siku kwa Kiingereza, hata kama ni mstari mmoja tu. Nami nimeona si haki kuwatuma watu mahali nisipokwenda mwenyewe, kwa hivyo nimenunua daftari langu. Ila mimi nitaandika Kiswahili. Kiingereza ni cha kazi. Ya moyoni siwezi kuyatoa kwa lugha ambayo lazima niifikirie kwanza.

Kwa kuwa tutakaa pamoja msimu wote wa mvua, ewe daftari, acha nijitambulishe. Mimi ni Salha, wa Bofu hapa Likoni. Miaka mingi nimefundisha chekechea kwa cheti changu kile kidogo. Mwaka huu Bwana Phineas, ambaye kitinda mimba wake alipita mikononi mwangu, aliniita ofisini. "Mwalimu, nina vijana wa umeme hawawezi kusoma maandishi ya kwenye boksi la fyuzi. Nina wapishi hawaijui *boil* na *fry*. Waanzishe kama unavyoanzisha watoto wadogo, bora mtihani wa Julai wausome." Basi ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa chuo. Mume wangu Rashid hunicheka. "Umepanda cheo na somo ni lile lile."

Chumba chetu kiko juu ya duka la rangi na saruji. Hupandwa kwa ngazi ya chuma iliyo nje, ngazi yenye kelele, hata paka akipita inalia. Mvua imeanza jana na leo haijakatika.

Jumatano, 7 Mei

Leo tumeandika sentensi fupi. Jacktone, kijana wa umeme kutoka bara, kaandika kwamba kichwa chake kinam-*pain*. Nikamwambia haisemwi hivyo. Akasema, "Lakini Madam, hivyo ndivyo kinauma." Mercyline wa ushonaji akamwambia kichwa hakiwezi kuuma kama hakina kitu ndani. Tulicheka sote.

Nimeligundua kosa lao kubwa. Kwetu mtu akitoka husema "naja", maana anakusudia kurudi. Hawa hulibeba neno hilo hivyo hivyo mpaka kwenye Kiingereza. Mtu anatoka, nimeuona mgongo wake, naye anasema *I am coming*. Mgeni akisikia atakaa amngoje huyo anayekuja, na huku anamwona anakwenda zake. Nimeapa nitawatoa kosa hili kabla ya mtihani. Anayetoka aseme *I am going*, nakwenda, kisha *I will be back*, nitarudi.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Sebuleni tumekinga sufuria, na chumbani beseni.

Jumanne, 13 Mei

Karibu wote wameshika. Aliyebaki ni Mweri wa upishi, na sikumtarajia yeye. Ni msichana wa hapa hapa Likoni, mpole, mwandiko wake umekaa kama shanga uzini. Kila akitoka ni *I am coming*. Leo nimemshika mkono nje ya darasa nikamwuliza kuna nini.

"Hilo lingine silisemi, Mwalimu."

"Gumu kutamka?"

"Si gumu. Halisemwi."

Nikadhani ni ukaidi wa kijana. Kwenye chekechea nimeuona mwingi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeswali, sasa nitaandika.

Tulikuwa katika somo la jambo lililokwisha kutendeka, *I have come*, nimekuja, *I have gone*, nimekwenda, ambalo vijana wangu hawaliwezi kabisa. Chaki ikaisha mkononi mwangu. Nikamwambia Mweri, aliyekaa karibu na mlango, ashuke ofisini akalete. Akasimama, akafika mlangoni, akageuka kwa adabu yake. "*Teacher, I am coming.*"

Darasa likaangua kicheko. Jacktone akasema, "Anakuja na bado hajaenda. Huyu atafika kabla ya kutoka."

Nami nikaona hapa ndipo pa kulimaliza jambo. "Mweri, unakuja au unakwenda?"

"Naja, Mwalimu. Naja sasa hivi."

"Hebu tazama miguu yako. Imeelekea wapi?"

Akaitazama kana kwamba si yake.

"Basi sema inavyosema miguu. *I am going.*"

"Mwalimu, niache nilete chaki kwanza."

"Hutoki mpaka useme."

Akasema, kwa sauti ndogo hata mimi sikuisikia vizuri. Nikamwambia kwa sauti. Akasema tena. Ndipo nikawaambia wote wamsaidie, kama ninavyofanya kwa watoto, nao wakaimba, *I am going, I am going*, wakipiga meza, naye amesimama mlangoni midomo yake ikifuata. Nusu ya pili, ile ya kurudi, nilikuwa nafungua kinywa nimpe. Mvua ikaangukia mabati kwa kishindo. Nikainua mkono kumwashiria angoje. Yeye akadhani namwambia aende.

Ngazi ikalia chini ya miguu yake mpaka chini. Sikuisikia ikilia tena.

Mkoba wake na mwavuli wake viko hapa pembeni mwangu ninapoandika. Karani wa ofisini anasema hakuna mtu aliyekwenda kuomba chaki.

Ijumaa, 16 Mei

Hakulala kwao.

Mama yake amekuja chuoni. Huuza viazi vya karai karibu na feri, mikono yake bado ilikuwa na unga wa dengu. Bwana Phineas akamkalisha, akamwambia wameshakwenda kuandikisha kwenye kituo cha polisi, na vijana wanamtafuta mpaka Mtongwe. Mama Mweri alikuwa akimsikiliza lakini macho yake yako kwangu.

"Alipotoka alisemaje?"

Nikamwambia. Sikuficha.

Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alisema polepole, "Mwanangu hasemi nakwenda. Kwetu hatusemi. Baba yake aliamka siku moja kwa hasira, akasimama mlangoni akaniambia, haya basi, mimi nakwenda. Mpaka leo hatujui yuko bara au yuko bahari. Tangu siku hiyo neno hilo sikulitaka tena nyumbani kwangu. Kila atokaye husema naja. Na kila aliyesema naja amekuja." Akajifuta mikono kwa leso. "Nawe ukampigia na meza."

Jumatatu, 19 Mei

Hajaja. Vijana wamekuja na habari moja tu, ya mwenye kuuza maji pale ferini. Alimwona msichana wa sweta ya chuo chetu akiingia feri ya kwenda kisiwani siku ile ya Alhamisi, katikati ya watu, bila mwavuli, amelowa chapa. Basi alipita mbele ya karai la mama yake. Mama yake hakumwona.

Jumanne, 20 Mei

Hajaja.

Alhamisi, 22 Mei

Sijui niandike vipi nisionekane nimechanganyikiwa.

Tumeshaswali alasiri, somo linaendelea, mbingu imefunga mpaka tumewasha taa. Kutoka kule langoni, chini barabarani, tukasikia sauti ya msichana. "*Teacher, I am coming.*"

Mercyline aliinuka akapiga kelele ya furaha, akakimbilia dirishani. Sote tukakimbia. Lango lilikuwa wazi, maji yakipita chini yake, na hapakuwa na mtu. Mlinzi alikuwa kwenye kibanda chake. Anasema hakuona wala hakusikia kitu.

Jumatatu, 26 Mei

Imekuja tena leo, saa ile ile, baada ya alasiri. Nikamgeukia Jacktone. Nilimshuku tangu Alhamisi, kwa kuwa huigiza sauti za watu wote, yangu ndiyo ya kwanza. Nikamwambia mzaha huu ni dhambi, kuna mama analia.

Kijana yule ambaye sijawahi kumwona bila kicheko, machozi yakamlenga. "Madam, mimi ndiye niliwaanzishia ile ya kugonga meza. Unafikiri ninalala?"

Akaja mbele, akaketi chini kando ya meza yangu, miguuni pangu, kiganja kimefunika kinywa. Tukangoja hivyo isikike tena, kinywa chake mbele ya macho yangu. "*Teacher, I am coming.*" Ilitoka nje, tena karibu zaidi kuliko Alhamisi. Ilitoka chini ya ngazi.

Nimemwomba Jacktone msamaha mbele ya wenziwe. Nilikuwa nimemhesabu kijana mwepesi. Si mwepesi.

Alhamisi, 29 Mei

Iko ngazini sasa. Katikati ya ngazi, nadhani. Na nilichokiogopa si sauti. Ni ngazi. Ngazi inayolia hata paka akipita, leo ilinyamaza kama imefungwa pamba.

Mercyline ameshika Biblia, mimi nasoma Ayatul Kursi, na katikati yetu ubao umeandikwa *verbs*.

Rashid nimemweleza wakati wa chai. Sikutaka, lakini mtu uliyelala naye nusu ya umri wako utamficha nini. Hakucheka.

"Hukuitikia?"

"Hapana."

"Wala usiitikie. Sauti usiyemwona mwenyewe huijibu karibu, wala abee, wala chochote. Ukishasema karibu umeshafungua. Hata mama alitufunza hivyo."

"Na kama ni yeye?"

"Kama ni yeye, Salha, atakuja na miguu."

Jumatatu, 2 Juni

Vijana wameacha kusema lolote wakitoka. Si *going* si *coming*. Huinuka wakanitazama, wakatoka kimya. Nami siwaulizi. Mwalimu wa lugha na darasa la mabubu.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Nimepeleka sahani ya pilau kwa Mama Mweri. Alipokea. Hakunikaribisha ndani, lakini alipokea. Nilipogeuka, ulimi ulinisaliti nikasema, "Basi Bi, mimi naja." Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Hivyo ndivyo."

Jumanne, 10 Juni

Amepatikana. Alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Jumatano, 11 Juni

Jana mama mmoja alipiga simu ofisini, jina lake Philister, mtu wa bara, anauza chapati na maharagwe kule Utange, upande wa Kisauni. Nambari aliitoa kwenye sweta, chini ya nembo ya chuo. Bwana Phineas akachukua gari lake, akanichukua mimi na Mama Mweri, tukavuka. Njia nzima hatukusemezana. Mama Mweri alishika leso yake kama mtu aliyeshika mtoto.

Philister ni mwanamke mkubwa wa mwili na moyo. Alitupokea nje ya kibanda, mwiko mkononi. "Mimi nilimpata amesimama hapo kwa mvua. Nikamuuliza, mami, unaenda wapi? Ananiambia tu *I am going*. Unatoka wapi? *I am going*. Jina? Hakuna. Nikasema huyu ni mtoto wa mtu, wacha akae. Anaosha vyombo vizuri, anakula kidogo. Kila asubuhi anafika hapo kwa barabara, anasimama, ananiangalia, kisha anarudi kwa sufuria. Kama mtu amesahau kitu."

"Kwa nini hukupiga simu mapema, dadangu?" Bwana Phineas akamwuliza.

"Sweta nilikuwa nimeifua nikaiweka. Sikuisoma. Mimi na kusoma si marafiki sana."

Mweri akatoka nyuma ya kibanda, povu mikononi. Alikuwa mzima, amekonda kidogo. Mama yake akamwita, naye akaja, akakumbatiwa. Alisimama ndani ya mikono ile kama nguo iliyotundikwa. Philister akalia kuliko sisi sote.

Ndani ya gari, tulipofika Likoni, alisema neno lake la kwanza. "*Good afternoon, teacher.*" Ilikuwa jioni. Lakini hilo ni kosa dogo, nikafurahi.

Jumatatu, 16 Juni

Mweri amerudi darasani. Ngazi ililia chini ya miguu yake, vizuri kabisa, nami nikamshukuru Mungu kwa kila mlio. Jacktone alikuwa amemfutia kiti. Wamemkaribisha kama bibi harusi.

Hafanyi kosa lolote. Nimempa zoezi la wakati, lile la *have come* na *have gone*, lililowashinda wote. Kalimaliza mbele ya wenziwe, lote sawa. Ningepaswa kufurahi.

Alipotaka kwenda msalani alisimama mlangoni, akasema kwa sauti wazi, "*I am going.*" Hakuna aliyecheka. Nilishika ukingo wa meza mpaka nikasikia ngazi ikilia anarudi.

Jumanne, 17 Juni

Andika, Salha, ingawa hutaki.

Baada ya alasiri. Mweri ameketi kitini pake, mikono mezani, mdomo umefungwa. Mimi namwona. Jacktone anamwona. Na nje, ngazini juu, karibu na kibaraza, sauti yake ikasema, "*Teacher, I am coming.*"

Mercyline akaficha uso. Nikamtazama Mweri. Alikuwa ameinua kichwa, amekigeuzia mlango, kama mtu aliyesikia akitajwa chumba cha pili lakini hana hakika kama ni yeye.

Ijumaa, 20 Juni

Mama Mweri amekuja nyumbani kwangu Bofu, mara ya kwanza. Rashid akatuachia sebule. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, nilikukasirikia. Sasa sina wa kumwambia ila wewe. Yule ni mwanangu. Alama ya mafuta ya moto mkononi naiona, niliitia mimi mwenyewe kwa karai langu. Anaswali, anafagia, anakula nusu. Lakini akitoka nyumbani husema nakwenda. Namwambia, mama, sema naja. Ananitazama kama nimesema Kichina." Akakunja pindo la leso. "Na kila siku anakula nusu ya ile nusu. Mwili umefika. Mwenyewe hajafika."

Nikamweleza habari ya sauti. Nilidhani ataanguka. Badala yake alishusha pumzi kama mtu aliyeambiwa dawa iko wapi.

"Basi huko ndiko aliko. Anakuja kama alivyokwambia. Mumemjibu?"

"Tunaogopa."

"Mimi niliogopa kumfuata baba yake mlangoni," akasema, akaenda kuvaa viatu. "Naja, Mwalimu."

Jumatano, 25 Juni

Mvua. Hatukuenda chuo.

Ijumaa, 27 Juni

Nimekaa na msahafu wangu muda mrefu. Ghaibu anaijua Mungu peke yake, na mimi si mganga wala sitaki kuwa. Lakini kuna jambo linanizunguka. Sisi tunapofiwa twasema sisi ni wa Mungu na kwake ni wenye kurejea. Hatusemi kwake twenda, twasema twarejea. Hata kifo tumekipa neno la kurudi. Nami nikamfunza mtoto wa watu nusu ya safari, nikaiacha ile ya kurejea hewani, kwa kuwa nilitaka Kiingereza chake kiwe safi. Kile nilichokiona kosa mdomoni mwake kilikuwa kamba aliyofungiwa na mama yake kiunoni.

Jumanne, 1 Julai

Iko nyuma ya mlango. Na imekuwa ndogo. Leo tuliisikia kwa sababu tu tulinyamaza wote, na Mweri naye alipokuwa akisoma kwa sauti mbele ya darasa, sauti yake ilikatika katikati ya mstari, ikaisha kama maji ya bomba. Ameketi. Tangu hapo hajasema, si Kiingereza, si Kiswahili.

Bwana Phineas amepita kutukumbusha kwamba mtihani ni tarehe nane. Baada ya mtihani chumba hiki kinafungwa. Mwenye duka ametaka kuweka rangi humu.

Nikamwuliza, "Kitafungwa kwa kufuli?"

"Kwa kufuli, Mwalimu. Rangi ni mali."

Nikafikiria mtu aliyesimama nyuma ya mlango anabisha kwenye stoo ya rangi.

Alhamisi, 3 Julai

Nimemwambia Rashid nitaitikia. Tumegombana, kitu ambacho hatufanyi. Mwishowe akasema, "Ukiingiza kisichokuwa yeye?"

"Nikimfungia nje aliye wangu?"

Akaondoka kwenda kuswali. Aliporudi akaniletea udi na chetezo, akaviweka juu ya daftari hili bila kusema. Huyo ndiye mume wangu.

Jumatatu, 7 Julai

Kesho mtihani. Mvua imepungua, inanyesha mara moja moja, upepo wa kusi unavuma. Mweri hakuja. Mama yake amepiga simu kusema mtoto hajala kitu leo. Nimemwomba amlete kesho hata kwa kumbeba.

Jumanne, 8 Julai

Walimleta kwa tuktuk. Jacktone alishuka akamshika bega hili, Mama Mweri bega lile, ngazi ikalia kwa watu watatu. Mtihani ulikwisha kabla ya alasiri. Wenziwe walipomaliza hawakuondoka. Sikuwaambia wabaki. Mercyline alikusanya karatasi, akazifunga, akarudi kuketi. Mama Mweri alikuwa kwenye benchi la nyuma. Mweri karatasi yake ilikuwa tupu, kalamu iko juu yake.

Nimechoma udi kidogo. Msikiti wa barabarani ukaadhini, nikaswali pale pale pembeni mwa ubao, nikatoa salamu, nikakaa kitini pangu. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua ya msimu mzima, umefungwa vizuri.

Tulingoja. Chini wakawa wanapakua saruji. Kisha nao wakanyamaza.

Ilikuwa ndogo sana. Kama si sote kushusha pumzi pamoja tusingeisikia. "*Teacher.*" Kisha kimya. Kisha, kama mtu aliyepanda ngazi ndefu mno, "*I am coming.*"

Nilikuwa nimetayarisha Kiingereza. Nilikuwa nimeandika *come in* kwenye kiganja kama mtoto anayeibia mtihani. Lakini midomo haikukitaka.

"Asalamu alaykum," nikasema. Kisichokuwa cha kheri hakiitikii salamu, hivyo nilivyolelewa.

Jacktone alikuwa ameshika mkono wa Mercyline, nao ni watu wasioshikana.

"Waalaykum salaam," ikasema.

"Karibu, mwanangu," nikasema. "Ingia. Tulikuwa tunakungoja. Mimi ndiye niliyekukosea neno, si wewe. Karibu ndani."

Nyuma yangu, Mama Mweri akasema, "Karibu, mama. Karibu."

Mlango haukufunguka. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, haukutikisika. Hewa ya udi ndiyo iliyosogea, ikapita katikati ya meza, ikatawanyika. Mercyline alianza kulia kimya kimya. Nilimtazama Mweri, na sikuona kitu. Mikono mezani, macho kwenye karatasi tupu. Nikajisemea, Salha, umechelewa, au umefungua mlango usioujua. Nikaanza kusoma nilichokijua.

Kisha akakohoa.

Alikohoa kama mtu aliyemeza maji vibaya, akajipiga kifua. Akatazama darasa zima, mmoja mmoja, akamwona mama yake benchi la nyuma, akakunja uso. "Mama, na viazi umemwachia nani?"

Mama Mweri akaweka leso kinywani.

Mweri akanigeukia. Akatazama ubao, nilipoandika muda wa mtihani kwa kipande cha mwisho cha chaki, kidogo kama punje. Akatazama mkono wangu uliopauka unga. Naye akasimama haraka, kiti kikakwaruza sakafu, akawa ametahayari kabisa.

"Mwalimu, uniwie radhi. Chaki sijakuletea."

Akaenda mlangoni. Akauvuta kwa mikono miwili, ukagoma, akauvuta tena ukafunguka. Nje kulikuwa na jua jepesi juu ya mabati yaliyolowa. Mama yake aliinuka nusu, Jacktone naye, nami nikawanyoshea mkono wakae. Akageuka pale mlangoni kwa adabu yake, mkono umeshika kitasa.

"*Teacher, I am coming.*"

Sikumsahihisha. Ngazi ikalia chini ya miguu yake mpaka chini. Tuliketi wote, hakuna aliyetazama mwenziwe. Kisha ikalia tena, ikipanda.